Kuifufua Miembe ya Wazee Wetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Sherehe ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Twawashukuru kwa heshima mliyotupa ya kusema machache katika siku hii ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Wasemaji waliotutangulia wamezungumza habari za pamba, mizani na mahesabu, na hizo ndizo nguzo za nyumba yetu. Sisi tumeombwa tuseme habari za miembe. Barua ya Katibu ilipofika nyumbani tulicheka kidogo, maana tangu lini mwembe ukapewa nafasi mkutanoni? Mwembe kwetu ni kivuli cha kupumzikia, mahali pa kuegesha baiskeli, na chakula cha watoto wanapotoka shule. Lakini tulipoketi na kufikiri tuliona kuwa Katibu ana haki. Yaliyotupata katika shamba moja dogo la ukoo wetu, kando ya Ghuba ya Speke, yaweza kuwafaa wengi walio hapa, kwa kuwa si habari za miti peke yake.

Hatukuja kujisifu. Tulikosea zaidi ya mara moja, na makosa hayo tutayaeleza wazi, kwa sababu hasara ya mmoja ikisimuliwa huwa faida ya wengi.

Asili ya shamba letu

Mwembe si mti wa asili ya nchi hii. Ulitoka Bara Hindi, ukafika pwani kwa vyombo, na kutoka pwani ukaingia bara pamoja na misafara. Hata leo mtu apitaye Tabora na Ujiji huiona miembe mikubwa ya zamani, ushahidi wa njia zile. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, safari ikawa nyepesi. Na wazee wetu walituhadithia kwamba babu yetu alirudi kutoka Tabora kwa gari moshi akiwa na kifurushi cha kokwa, akazipanda chini ya mawe makubwa, katika udongo wa luseni.

Hapo babu alichagua vema. Sisi wa Usukumani tunaujua udongo wetu kwa majina yake. Luseni ni udongo mwepesi wa mchanga utokanao na mawe ya vilimani, na maji hupita ndani yake bila kutuama. Itogolo una tabaka gumu chini yake, ambalo mzizi hauwezi kulipenya kwa urahisi. Mbuga nyeusi hushika maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Mwembe hutaka mizizi yake ishuke chini bila kizuizi. Kwa hiyo mtu atakaye kuanzisha shamba la miembe asianze kwa kununua miche. Na aanze kwa kuchimba shimo na kuutazama udongo wake.

Katika kokwa zile iliota miti 34. Babu aliipanda karibu karibu, kama ilivyokuwa desturi, wala hakuwaza habari za soko. Ilizaa embe dodo, embe sindano, na maembe mengine madogo yenye nyuzi nyingi ambayo hatukuyapa jina. Miaka ilipita, miti ikapanda juu ikitafuta jua, hata matawi yenye matunda yakawa mbali kuliko ngazi yo yote tuliyokuwa nayo.

Babu alipofariki, wazee waliigawa miti kwa maneno ya mdomo. Nyumba hii ilipewa mitano, nyumba ile saba, shangazi yetu mitatu, na kadhalika. Ardhi ikabaki ya ukoo mzima. Mgawanyo huo ulikuwa wa haki, lakini ulizaa jambo ambalo wazee hawakulitazamia. Kila mti ulikuwa na mwenyewe wa kuchuma, lakini shamba halikuwa na mwenyewe wa kulitunza. Nani apogoe tawi ambalo kivuli chake kinaudhuru mti wa nduguye? Nani afukie maembe yaliyooza chini ya mti usio wake? Hakuna. Shamba likawa kama nyumba ya wapangaji, kila mtu akifagia mlango wake tu.

Ndipo mabaya yakafuatana. Inzi wa matunda wa aina mpya, waliotoka Bara Asia na kubainika hapa Afrika Mashariki mwaka 2003, walizidisha madhara. Inzi hawa hutaga mayai ndani ya embe linapokaribia kuiva. Funza hula ndani na embe huanguka. Embe lililoanguka likiachwa chini, funza huingia udongoni na kutoka tena akiwa inzi. Nasi tuliyaacha chini maembe kwa maelfu. Yale yaliyosalia juu tuliyapiga kwa mawe na fimbo, yakaanguka na majeraha.

Kwa kuwa matunda yalikuwa mabaya, tuliyauza vibaya. Mnunuzi alikuja wakati mti una maua, akautazama, akataja bei ya mti mzima, nasi tukapokea fedha ile kwa sababu ada ya shule haingoji. Mti ukizaa sana, faida ilikuwa yake. Tulipokuja kuihesabu miembe ya babu, tulikuta imebaki 21. Mingine ilikauka, mmoja ulipigwa na radi, na iliyosalia ilikwenda katika tanuru za matofali na mifuko ya mkaa.

Baraza la ukoo

Tuliitisha baraza la ukoo chini ya mwembe ule ulio mkubwa kuliko yote. Maneno yalikuwa mawili. Vijana walisema: tuikate yote, tuuze kuni, tupande miche mipya ya kisasa. Wazee walisema: miti hii ni ya marehemu, asiiguse mtu.

Tulibishana tangu asubuhi hata jua lilipokaribia kutua. Bwana Shamba wa kata, ambaye tulimwalika, alitueleza njia ya tatu. Alisema kwamba mwembe mzee wenye shina zima hauna haja ya kung'olewa. Waweza kukatwa kichwa, ukachipua, na machipukizi yake yakabebeshwa vikonyo vya embe bora. Mizizi ni ile ile iliyokwisha kushuka chini na kuyajua maji. Tunda ndilo lipya.

Vijana walifurahi na wazee walianza kulainika. Lakini shangazi yetu alisema neno moja lililotunyamazisha sote. Alisema: "Wanangu, mimi sina shamba jingine hapa. Nina miembe mitatu tu niliyopewa na baba yangu. Mkiikata vichwa, miaka yote ya kungoja nitakula nini? Na mkisha kuweka vikonyo vyenu, nitaonesha nini kwamba miti hii ni yangu?"

Ndugu wanachama, tulikuwa tumesoma vijitabu vya kilimo, tulikuwa tumepiga hesabu za nafasi na mbolea, lakini swali la shangazi halikuwamo kijitabuni. Nalo ndilo swali kubwa kuliko yote katika kulifufua shamba la ukoo. Mti wa zamani una mizizi ya namna mbili, iliyo ardhini na iliyo katika haki za watu. Ukiikata hii ya pili hata kikonyo bora hakitakusaidia, kwa maana kesi itaanza kabla ya embe la kwanza kuiva.

Baraza halikwisha siku ile. Tulikutana mara tatu, na mwisho tuliandika mkataba, ukasomwa kwa sauti, ukatiwa sahihi na dole gumba mbele ya viongozi wa kijiji. Maneno yake yalikuwa manne.

Kwanza, mti ukikatwa kichwa mwenyewe habadiliki. Shina ni lake, na kila kitakachoota juu ya shina ni chake. Pili, miti haitakatwa yote mwaka mmoja. Itakatwa kwa mafungu matatu, ili shamba lisikose matunda kabisa. Tatu, mwenye mti uliokatwa atapewa fungu katika mavuno ya miti isiyokatwa, mpaka mti wake uzae tena. Nne, usafi wa shamba ni kazi ya wote, na asiyefika siku ya kazi atalipa.

Fungu la kwanza kabisa la mkataba ule alilipokea shangazi.

Kazi yenyewe na makosa yetu

Sasa tueleze kazi. Mwembe wa kwanza tulioukata ulikufa. Tuliukata katikati ya kiangazi kikali, tukaondoa matawi yote, tukaliacha shina wazi juani. Gome lilibabuka, na machipukizi machache yaliyotoka yalinyauka. Tulikuwa na pupa.

Baada ya hapo tulifuata maelezo. Mti hukatwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini, mvua zikiwa karibu kuanza. Huachwa tawi moja zima ili liendelee kuulisha mti. Tawi hilo huondolewa vikonyo vikisha kushika na kukua. Kidonda cha msumeno hukatwa kwa mshazari ili maji yasitulie juu yake, kisha hupakwa dawa ya shaba, na shina hupakwa chokaa kulikinga na jua. Machipukizi hutoka mengi. Tusione uchungu kuyapunguza. Huachwa machache yenye nguvu, yaliyokaa pande zote za shina. Yanapofikia unene wa penseli, ndipo hubebeshwa.

Kubebesha si uchawi, wala hakuhitaji mtu aliyesoma sana. Huhitaji kisu kikali, mikono safi, na subira. Kikonyo huchukuliwa kwenye mti mama wenye afya ambao matunda yake tumeyaona kwa macho yetu, si wa kusimuliwa. Siku saba hadi kumi kabla ya kukikata, majani ya ncha ile huondolewa na vikonyo vya majani huachwa, ili macho yavimbe. Chipukizi hukatwa na kupasuliwa katikati. Kikonyo huchongwa kama kabari na kutiwa katika ufa. Siri yote imo katika ule utando wa kijani ulio chini ya gome. Utando wa kikonyo sharti uguse utando wa chipukizi, walau upande mmoja. Kisha hufungwa kwa utepe wa nailoni, maji yasiingie wala unyevu usitoke. Katika majuma matatu au manne, kikonyo kilichoshika huanza kufungua macho.

Mahali palipokuwa tupu tulipanda miche mipya. Hapo napo tulipata hasara. Miche ya mwanzo tuliinunua kwa mtu aliyeipitisha barabarani juu ya gari, akituapia kuwa imebebeshwa. Ilikuwa na utepe kila mmoja, nasi tulitazama utepe. Tulipoufungua baadaye hatukuona kiungo. Ilikuwa miche ya kokwa iliyochanjwa gome kidogo na kuvikwa nailoni. Tulikuwa tumekwisha kuitunza misimu mitatu ya mvua. Tangu siku ile hatununui mche kabla ya kukiona kiungo, mahali ambapo gome la chini na gome la juu hutofautiana, wala hatununui kwa mtu asiye na kitalu kinachojulikana. Twawasihi nanyi mfanye hivyo.

Kisha tuliamua kuotesha wenyewe. Kokwa za dodo na sindano za babu ndizo tulizozitumia kwa mashina, kwa kuwa zimekwisha kuuzoea udongo wetu. Kokwa hupandwa ikiwa mbichi, ndani ya siku chache, maana ikikauka haioti. Ganda lake gumu hufunguliwa kwa uangalifu ili mbegu itoke na ikaguliwe. Yenye tundu la fukusi hutupwa. Mche ukinenepa kama penseli hubebeshwa ukiwa ndani ya kiriba.

Shimo la kupandia huchimbwa sentimeta 60 kila upande na kwenda chini, na udongo wa juu huwekwa mbali na udongo wa chini. Udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza na kurudishwa kwanza. Kutoka mti hadi mti twaweka mita 10, yaani miti 40 kwa eka moja. Watu walitucheka kwa nafasi hiyo, lakini tulikwisha kuona jinsi miti ya babu ilivyonyang'anyana jua. Nafasi ile haikukaa bure. Katika miaka ya mwanzo tulilima karanga na viazi vitamu kati ya mistari, na mavuno hayo yalitusaidia kutimiza ahadi ya fungu la wenye kungoja. Mbuzi na ng'ombe tuliwazuia kwa uzio wa minyaa.

Mambo mawili tuliyajifunza kwa kuumia. Kiungo kisifukiwe udongoni, na chipukizi lo lote litokalo chini ya kiungo liondolewe mara moja. Tulikuwa na miche minne iliyopendeza kuliko yote kwa majani. Kumbe shina la chini lilikuwa limekishinda kikonyo, na lile tulilokuwa tukilisifu ni mwembe wa kokwa ule ule wa zamani. La pili ni maua ya kwanza. Mche uliobebeshwa waweza kutoa maua ungali mdogo. Inauma kuyaondoa, lakini mtoto asibebeshwe mzigo wa mtu mzima. Yaondolewe mwaka wa kwanza na wa pili, na mti upate nguvu. Katika mwaka wa tatu au wa nne huzaa, wakati mwembe wa kokwa ungali ukingojewa.

Kuchagua embe

Wengi hutuuliza: mmeweka embe gani? Twajibu kuwa si moja. Liko embe liitwalo Apple, la mviringo, lenye rangi ya kupendeza, ambalo lilitokea pwani ya Kenya. Liko Ngowe, refu na lililopinda, asili yake Lamu. Yako Kent, Keitt na Tommy Atkins, yaliyotokea Florida, nchini Marekani. Kila moja lina sifa na ila yake. Apple huliwa sana na ugonjwa wa ubwiri unga na ule wa chule, na mwaka mmoja huzaa sana na mwaka mwingine kidogo. Tommy Atkins huvumilia safari na magonjwa, lakini ladha yake haifikii wenzake. Keitt huchelewa kuiva, na kwa hiyo hufika sokoni wengine wamekwisha.

Kwa sababu hiyo hatukuweka yai letu katika kiota kimoja. Wala hatukuifuta miembe ya babu. Katika miti 21, sita tumeiacha kama ilivyokuwa, ukiwemo ule wa baraza. Miti hiyo hutupa kokwa za mashina, hutupa kivuli, na embe sindano lingali lina wateja wake katika masoko ya mji wa Mwanza. Mkulima anayelitupa la zamani lote kwa kupenda jipya hujikuta siku moja hana mbegu.

Mizani

Bwana Mwenyekiti, tukiishia hapa tutakuwa tumeeleza nusu. Embe bora lililouzwa kwa macho ni sawa na embe baya.

Sote twajua kwa nini ushirika ulizaliwa katika nchi hii ya Ziwa. Wazee wetu wa pamba walilalamika juu ya mizani. Walibeba pamba kichwani, wakaifikisha kwa mnunuzi, wakaambiwa uzito ambao hawakuweza kuuhakiki. Walianza kwa kuweka watu wao wa kupima, wakaunda vyama, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama Vikuu vya Ushirika la Victoria, lililojulikana kwa herufi V.F.C.U., Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Mwaka 1968 mahali pake pakachukuliwa na Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na Nyanza ikaandikishwa upya mwaka 1984. Nasi leo, chini ya Sheria ya mwaka 2013, tuna Chama chetu hiki cha miaka kumi. Mti ule ulikatwa kichwa, lakini watu waliojua kupima na kuandika vitabu walikuwa hai vijijini, na kwa hao ukachipua tena.

Basi itakuwa aibu gani, wajukuu wa watu waliopigania mizani ya pamba kuuza maembe kwa gunia la lumbesa, au kwa mti mzima ukiwa na maua! Sisi wa ukoo mmoja tulipoanza kuchuma kwa ngoeko yenye mfuko, tukaliacha embe na kikonyo kifupi ili utomvu usiliunguze ganda, tukayapanga katika kreti na kuyapima kwa kilo, mnunuzi wa kwanza alikasirika akaondoka. Wa pili alikasirika akabaki. Lakini ukoo mmoja hauwezi kumzuia mnunuzi asiende kwa jirani anayeuza kwa macho. Chama chaweza.

Maombi yetu

Kwa hiyo, kwa niaba ya wanachama wenye miembe mizee, twaomba mambo manne.

La kwanza, Chama Kikuu kianzishe kitalu chake cha miche, chini ya uangalizi wa wataalamu. Tunao jirani Ukiriguru, ambako mbegu za pamba zenye herufi za UK zilitoka. Watu waliotupatia pamba hizo hawatakosa kutushauri juu ya mti. Miti mama iandikwe, ijulikane, na mwanachama apewe mche ambao Chama kinauthibitisha.

La pili, kila chama cha msingi kipeleke vijana wawili, mvulana na msichana, wajifunze kubebesha, kisha warudi na visu vyao kuwahudumia wenzao kwa malipo ya haki.

La tatu, siku ya usafi wa miembe iwe moja kwa kijiji kizima. Inzi hana mpaka. Tukizika maembe yaliyoanguka, kwa kina cha nusu mita au zaidi, na jirani yetu akayaacha, tumejichosha bure. Mitego ya kuwavuta inzi nayo yafaa inunuliwe na kutundikwa kwa pamoja.

La nne ndilo kubwa, nalo ni la shangazi yetu. Chama kitenge mfuko wa wenye kungoja. Mwanachama anayekata mti wake leo anaacha chakula cha leo kwa ajili ya chakula cha mwaka wa tatu. Wenye mali hawashindwi kungoja. Mjane na mzee wenye miti mitatu ndio washindwao, na hao ndio wauzao maua. Mkopo mdogo wenye masharti mepesi, unaorudishwa kwa maembe yaliyopimwa kwenye mizani ya Chama, utawafanya nao waingie katika kazi hii. Bila mfuko huo, vikonyo vipya vitakuwa vya wenye nafasi tu, na ushirika hautakuwa umefanya kazi yake.

Twamalizia kwa habari ya shangazi. Miembe yake mitatu ilikatwa katika fungu la pili. Mmoja haukupona. Miwili ilishika vizuri, na ilipozaa mara ya kwanza alikataa tusimchumie. Alikuja mwenyewe na mkongojo wake, akasimama chini ya matawi ambayo sasa mtu huyafikia kwa mkono, akaulizia daftari la mkataba. Tukalileta. Akataka asomewe lile neno la kwanza, kwamba shina ni lake na kila kitakachoota juu ya shina ni chake. Liliposomwa akaitika, ndipo akachuma.

Kisha akatuuliza lini tutamwekea mwingine mahali pa ule uliokufa. Mche wake umo kitaluni, na shina lake ni la kokwa ya sindano la babu. Mvua za vuli zikianza tutaupanda.